Lambo la kijiji linakauka kila mwaka kabla ya Septemba. Tuchimbe lingine au tuhamie kwenye tenki na mabwawa ya mchanga?

#1 Mwana_wa_Bahi
Wakuu salaam, niende moja kwa moja. Kijijini kwetu huku wilaya ya Bahi, Dodoma, tuna lambo lilichimbwa kwa kijiko (ile mashine ya kuchimba) miaka kadhaa nyuma. Ukilizunguka kwa hatua ni kama 60 kwa 40, na likijaa katikati mtu mzima anazama, tuseme mita mbili na nusu. Mvua zikiisha Aprili limejaa mpaka utoro (njia ya kutolea maji ya ziada) unamwaga, Juni watu bado wanamwagilia nyanya pembeni, Agosti ni tope, Septemba ng'ombe wanakatiza katikati kama barabarani. Kwa siku wanakunywa kama 400 hivi.

Sasa kuna mpango kila kaya ichange tuchimbe la pili, tena ubavuni mwa hilihili. Mimi nasema tujue kwanza hili linakauka kwa nini, basi nimeshaitwa mkwamishaji wa maendeleo. Maji huku sio kwamba hayapo, yanapita tu. Mvua ya Januari ikipiga saa moja korongo linabeba hadi mbuzi. Wenye uzoefu njooni mnipe hoja za kwenda nazo mkutano wa kijiji.

#2 kigoda_cha_mbele
Nimeshakaa, waiteni wajuzi.

#3 Injinia Mstaafu
Mwana_wa_Bahi swali zuri, na mchawi wenu wa kwanza yuko juu angani. Dodoma mvua ya mwaka mzima ni mm 550 hadi 600, ila jua na ule upepo wa kuanzia Juni vinakula maji ya wazi zaidi ya mita mbili kwa mwaka. Kiangazi weka mm 6 kwa siku. Mei mpaka katikati ya Novemba ni siku 200, zidisha, ni mita moja na sentimita 20 zinaenda hewani bila hata kuku kunywa. Ndio maana malambo mapana yenye kina kifupi ni kuchimba sinia. Mkichimba la pili lenye kina kilekile mmeliongezea jua sahani ya kulia. Bora mlichimbe hilohilo kwenda chini.

#4 Msukuma_wa_Maswa
Mwangaluka. Injinia jua unalisingizia, mwangalie ng'ombe. Ng'ombe wa kiangazi anakula majani makavu anakunywa lita 40 ukimwachia, 400 mara 40 ni lita 16,000 kwa siku, hizo ni mita za ujazo 16, kwa mwezi karibu 500. Na hapo hajahesabiwa ng'ombe wa wageni maana lambo likijaa ndugu wanatokea hadi wa mkoa wa pili

#5 Fundi Saruji
Wote mnazunguka. Lambo linavuja hilo. Nimeshuhudia sana hii ya kijiko, dereva analipwa kwa saa anachimba mpaka anatoboa ule udongo wa mfinyanzi anaingia kwenye kichanga, watu wanapiga makofi kwamba limekuwa na kina kirefu kumbe ndo wametoboa ndoo. Injinia anapokushauri uchimbe kwenda chini muulize kwanza huko chini kuna nini. Chukua udongo wa chini ya lambo kwa mkono, uloweshe, ufinyange uwe kama kamba nyembamba, ukiweza kuikunja duara bila kukatika ni mfinyanzi, ukikatika unamomonyoka hapo hakuna kitu hata ungechimba mita kumi.

#6 Injinia Mstaafu
Fundi hatubishani, kabla ya kushuka lazima utoboe mashimo ya majaribio. Ila hesabu inaonyesha nini? 60 kwa 40 na kingo zilizolala, lambo likijaa lina kama mita za ujazo 4,000. Mei hadi Agosti ni siku 120 na ushee. Ng'ombe wamekunywa kama 1,900. Jua limekula kama 1,400. Jumla 3,300. Kuna 700 hazina maelezo. Bustani zimekula kidogo, kingine ndio huko unakosema wewe.

#7 Mpare_Mbishi
Injinia samahani mzee wangu, mleta mada kasema HATUA, wewe umesoma mita. Hatua ya mtu wa kawaida ni sentimita 75. Sitini ni mita 45, arobaini ni mita 30. Lambo lako la 4,000 limeshuka kuwa 2,250 hivi. Hapo ng'ombe peke yao wanakaribia kulimaliza na jua linamalizia mchuzi, wala hamhitaji habari ya kuvuja. Mnataka kuwachangisha wanakijiji kwa kesi ambayo kipimo chake hakijulikani.

#8 kigoda_cha_mbele
Mpare kaingia na kesi tayari 😂 nilijua tu

#9 Mama Zabibu
Nyie mnaongelea wingi wa maji, mimi naomba mfikirie na ubora. Niko upande wa Hombolo nalima zabibu. Bwawa la Hombolo lilijengwa 1957, kubwa haswa sio lambo la kijiko, maji yapo mwaka mzima ila yana chumvi, maana kila jua linapokula maji chumvi inabaki, mwaka hadi mwaka. Zabibu inavumilia kiasi, ila kamwagilie maharage uone majani yanavyoungua pembeni. Na tope limelijaza sana kuliko zamani. Kwahiyo kuwa na maji sio mwisho wa habari.

#10 Babu_wa_Kongwa
Mnakumbuka Waingereza na mradi wao wa karanga hapa Kongwa 1957? Matrekta, reli, wataalamu, mvua ikagoma, udongo ukakauka ukawa zege, wakaondoka. Nchi hii inataka heshima

#11 Mama Zabibu
Babu shikamoo, 1957 ni bwawa la Hombolo. Karanga za Kongwa zilianza 1947, na 1951 walishafunga virago.

#12 Babu_wa_Kongwa
Marahaba mjukuu. Miaka ni yenu mliosoma, ukame ni ule ule

#13 Kyalo_wa_Makueni
Habari zenu watu wa TZ, mimi natoka Makueni, Kenya. Nimesoma hii yote nikashangaa mbona hakuna mtu anaongelea mabwawa ya mchanga na mleta mada ameweka kwa kichwa cha uzi. Huku Ukambani hiyo kitu iko tangu wakati wa mkoloni na vikundi vyetu vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, vimejenga mamia, Machakos, Kitui, Makueni. Unatafuta mto wa msimu wenye mchanga mwingi na mwamba chini, unajenga ukuta wa mawe na saruji unakatiza mto ukikalia mwamba wenyewe. Mafuriko yakikuja yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, maji yanajificha ndani ya mchanga. Hiyo jua ya Injinia haiyafikii, ukishuka kama nusu mita hadi mita moja ndani ya mchanga maji hayakauki tena kwa jua. Mbu hakuna, ng'ombe hawezi kanyaga akachafua, na maji yanachujwa. Sisi hata silanga, yaani malambo kama lenu, bado tunachimba lakini mtu akiwa na mto mzuri anaanza na ukuta.

#14 Mwana_wa_Bahi
Kyalo asante sana. Korongo letu lina mchanga mpaka magari yanakwama. Swali, maji kiasi gani yanakaa humo?

#15 Kyalo_wa_Makueni
Mchanga wa chenga kubwa unabeba kama robo mpaka theluthi ya ujazo wake. Yaani mita za ujazo 4,000 za mchanga unapata kama 1,000 hivi ama zaidi kidogo. Mchanga ukiwa laini kama unga unashika maji na hauyaachilii. Na usitegemee mwaka wa kwanza, kujaa inaweza chukua misimu kadhaa, inategemea mafuriko.

#16 Injinia Mstaafu
Kyalo kasema kweli ila kuna jambo kalipita. Ninyi Makueni mna mvua mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Bwawa lenu linajazwa mara mbili kwa mwaka, kazi yake ni kuvusha miezi mitatu minne. Dodoma mvua ni moja, Desemba hadi Aprili, halafu miezi saba mikavu kabisa. Ukuta uleule unaotosha kule hapa utaishia Agosti kama lambo. Sisemi msijenge, nasema msinakili ukubwa wake.

#17 Kyalo_wa_Makueni
Hizo mvua mbili unasema ni za kitabu mzee. Kutoka mwisho wa 2020 tulikosa misimu mitano mfululizo. Mabwawa yenye mchanga mzuri ndiyo yalibaki na tone, silanga zote zilikuwa uwanja wa mpira.

#18 Msukuma_wa_Maswa
Kyalo huo mchanga hauibiwi? Maana huku ukikusanya mchanga mzuri mahali pamoja umewakusanyia wenye matipa

#19 Kyalo_wa_Makueni
😅 umegusa kidonda. Wanakuja usiku. Ndiyo sababu kaunti yetu ilitunga sheria ya mchanga 2015, na hata hivyo imekuwa vita kabisa. Mchanga ukibebwa bwawa linabaki ukuta. Kwa hivyo ndugu yangu wa Bahi, kabla ya kununua saruji jua nani atalinda.

#20 Mpare_Mbishi
Hapo ndipo nilipokuwa nawangojea. Sisi Upareni, Same, tuna ndiva tangu kwa mababu. Ni vibwawa vya kukinga maji ya kijito usiku kucha, asubuhi mnafungulia yanashuka shambani kwa mfereji kwa zamu. Havina ukubwa wowote wa maana, vingi vinajaa usiku mmoja na kuisha mchana mmoja. Siri yake ni zamu na msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Usipokuja kuzoa tope siku ya msaragambo zamu yako ya maji unaisikia kwenye bomba. Ninyi lambo limechimbwa na kijiko cha watu, hakuna aliyetoka jasho, nani ataona uchungu likijaa tope? Nauliza, mara ya mwisho kuzoa tope ni lini?

#21 Mwana_wa_Bahi
Halijawahi kuzolewa.

#22 Mpare_Mbishi
Nimemaliza.

#23 Fundi Saruji
hujamaliza bwana, ndiva ni maji ya kijito yanayotiririka kila siku, huyu mwenzako korongo lake lina maji saa chache kwa mwaka. ukimpa zamu atagawa zamu ya vumbi. Ila la tope umepatia, na ninaongeza kwamba kile kina cha mita 2 na nusu ni cha siku lilipochimbwa, leo humo hata mita moja na nusu sidhani

#24 Bwana_Shamba_Singida
Nimechelewa, nilikuwa shamba. Mnaongelea maji kama vile mvua ikiisha ndio shida inaanza. Kwa mkulima wa mtama na alizeti shida inaanza MVUA IKIWEPO. Dodoma na Singida mmelima Desemba, mazao yamepanda vizuri, mwisho wa Januari au Februari mvua inakata wiki mbili tatu, mtama upo kwenye kutoa masuke, kwisha habari. Ikirudi Machi inakuta mabua. Ukiwa na maji ya kumwagilia mara moja tu hapo katikati umevuna. Lakini piga hesabu, ekari moja ni mita za mraba 4,000 na kidogo, kuilowesha mm 30 tu ni lita 120,000. Lambo lote la kijiji linatosha ekari kama 20 hivi na ng'ombe wakae na kiu. Kwahiyo lambo haliwezi kuwa la mazao. Ghala la maji ya mazao ni udongo wenyewe.

Njoo uone mashimo ya Chololo, yametoka kijiji cha Chololo hapohapo Dodoma. Shimo la kina kama sentimita 30, unatupia samadi na majani, unapanda humo, maji yanayoteremka yanazama kwenye shimo badala ya kwenda kwenye korongo kubeba mbuzi. Au jembe la Magoye linalovutwa na ng'ombe, linapasua ule ugumu wa juu maji yazame. Na wale wa Kisiki Hai wanaoachia visiki vichipue, shamba linapata kivuli na majani.

#25 Nyasi_Kavu
mashimo ya chololo nayajua, mgongo wangu unayajua zaidi. ekari moja ni maelfu ya mashimo na yanachimbwa novemba wakati ardhi ni jiwe na tumbo liko tupu, wenye nguvu wamekwenda mjini kufanya bodaboda, tuliobaki ni kina mama na wazee, mtaalamu anakuja anachimba matatu anapigwa picha anaondoka. mazao ni kweli yanaongezeka sikatai

#26 Bwana_Shamba_Singida
Nyasi_Kavu kazi ni ya mwaka wa kwanza zaidi, miaka inayofuata unafukua yaleyale. Ila la nguvu kazi nakubali, na ndio maana nimeitaja Magoye.

#27 Dada_wa_Zahanati
Naomba nichomekee la kwangu maana wanaume mmeshika ng'ombe na mtama tu. Maji ya kunywa je? Lambo hilohilo watoto wanaogelea, ng'ombe wanakojoa, akina mama wanachota. Kichocho na kuhara tunavipokea sisi zahanati. Mkisema basi tuchimbe kisima, Singida na sehemu nyingi za ukanda huu visima vina madini ya floraidi kupita kiasi, kiwango ni miligramu 1.5 kwa lita na vipo vinavyozidi mara kadhaa, unaona watoto wana meno ya kahawia. Maji ya bati hayana floraidi. Nyumba ya bati mita 8 kwa 7 ni mita za mraba 56. Mm moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa mvua ya mm 550 paa hilo linapokea lita 30,800, toa yanayorukia nje, unabaki na 24,000 na kitu. Tunayaangalia yanachimba misingi ya nyumba zetu.

#28 Mzee_wa_Tembe
Na sisi wenye tembe tukinge nini, matope? Mbukwenyi jamani

#29 Dada_wa_Zahanati
Mbukwa mzee wangu. Tembe kwa kweli paa la udongo halikingi. Ila shule ina bati, zahanati ina bati, kanisa na msikiti vina bati. Gata ndio hakuna.

#30 MtuMbali
Kwenye hili la tenki kuna Brazil. Kaskazini mashariki mwao ni kukavu kama Dodoma, mwaka 2003 mashirika ya kiraia chini ya mwavuli unaoitwa ASA yalianza mpango wa tenki milioni moja na serikali ikachangia. Kila kaya tenki la lita 16,000 la saruji kando ya nyumba, la kunywa na kupikia tu. Fundi ni wa hapohapo kijijini na familia inashiriki kujenga. Baadaye wakaja na la pili, lita 52,000, linakinga maji kwenye sakafu pana ya saruji iliyolala mteremko, hilo ndio la bustani na kuku. Lengo la milioni wameshalipita.

#31 Msukuma_wa_Maswa
Serikali ikachangia. Hapo ndipo uzi unapokatika.

#32 Fundi Saruji
16,000 sio tenki la kutisha. Vile vibao vya saruji unavimimina chini kwenye fremu ya mbao, vikikauka unavisimamisha duara unazungushia waya, unapiga ripu ndani na nje, mwisho niru (uji wa saruji tupu) ndani. Watu wanakosea vitu viwili. Wanamwaga saruji halafu hawamwagilii maji, huku kwetu maji ya kumwagilia zege hakuna basi linapasuka wiki ya kwanza. Na wanalijenga kiangazi wanaliacha tupu miezi linakauka linachanika. Ukimaliza liwekee maji hata mapipa mawili, lifunike. Mchanga uwe wa mtoni, mkavu, usio na tope. Gata iwe na mteremko, na lile bomba la kumwaga maji ya kwanza yenye mavi ya ndege usilisahau.

#33 Nyasi_Kavu
lita 16000 gawa kwa siku 210 za kiangazi ni lita 76, ndoo nne kasoro. kwa kaya ya watu sita. wabrazil wanakunywa tu au wanaoga pia?

#34 MtuMbali
Kunywa na kupika. Kuoga tafuta kwingine 😄

#35 Mama Zabibu
Ndoo nne kasoro mlangoni kwangu, bila kutembea kilomita na bila kupanga foleni saa kumi alfajiri? Nyasi_Kavu wewe hujawahi kubeba ndoo kichwani, unaonekana tu.

#36 Nyasi_Kavu
mimi ni mama wa watoto wanne, ndoo nimebeba tangu sijaota meno. nauliza hesabu tu dada, pesa ya saruji itatoka mavuno gani

#37 Injinia Mstaafu
Tumrudie mleta mada. Tuna maelezo manne hapa, jua, ng'ombe, tope na kuvuja. Kabla ya kuchangisha watu mwana_wa_Bahi fanya kipimo hiki. Jioni ng'ombe wakishaondoka chomeka kijiti majini, kata alama pale maji yanapoishia. Alfajiri kabla hawajaja angalia tena. Usiku jua hakuna, kinachopotea kwa hewa ni mm moja mbili. Yakishuka upana wa kidole, hilo ni suala la kuvuja. Rudia usiku kadhaa. Na tafuta futi ya kweli mpime hilo lambo, tuache hatua.

#38 Mwana_wa_Bahi
Nitafanya mzee. Nipeni muda.

#39 kigoda_cha_mbele
Wakati tunasubiri, hivi humo kwenye lambo hakuna samaki?

#40 Msukuma_wa_Maswa
Kambale hawakosi. Perege maji yakigeuka tope Agosti wanakufa, ila kambale anajizika kwenye tope anakusubiri na jembe

#41 Mwana_wa_Bahi
Wakuu nimerudi. Kwanza vipimo. Fundi mmoja alikuwa na futi ndefu, ni mita 52 kwa 31. Mpare na Injinia mmekutana katikati, gawaneni ushindi. Kina nilichomeka mti katikati kwa mtumbwi wa plastiki, maji mita moja na nusu kasoro halafu mti unazama kwenye tope laini kama nusu mita kabla ya kugusa kigumu.

Kijiti sasa. Usiku wa kwanza maji yameshuka upana wa vidole viwili. Nikasema Fundi ameshinda. Usiku wa pili hayajashuka kabisa, alama ilikuwa palepale. Wa tatu kijiti sikukikuta.

#42 Fundi Saruji
vidole viwili ni kuvuja, kesi imefungwa

#43 Mpare_Mbishi
Fundi, lambo linalovuja usiku mmoja na kupumzika usiku wa pili ni lambo la aina gani? Lina likizo?

#44 Mzee_wa_Tembe
Mjukuu wangu hapo pana mtu. Maji hayashuki vidole viwili kwenye eneo lote hilo bila mashine. Vidole viwili ni sentimita tatu, Injinia piga

#45 Injinia Mstaafu
52 kwa 31 ni mita za mraba 1,600. Sentimita tatu ni mita za ujazo 48. Pampu ya petroli ya inchi mbili inatoa hizo kwa saa mbili tatu.

#46 Mwana_wa_Bahi
Duh. Upande wa chini kuna wafyatua tofali. Na kuna mtu ana bustani ya vitunguu ng'ambo ya korongo ambayo sijawahi kumuona akimwagilia mchana. Simtaji mtu.

#47 Mfyatuaji
Wafyatua tofali tumetajwa naomba nijibu ingawa sio wa huko kwenu. Sisi tunatumia maji mchana kweupe na kwa ndoo, usiku tofali halifyatuliwi. Na hilo tope mnaloshindwa kulizoa, sisi ndio tunalizoa Septemba bure tunafyatulia. Mkitufukuza zoeni wenyewe. Mwenye vitunguu mumuulize.

#48 Bwana_Shamba_Singida
Mfyatuaji ana hoja. Vijiji vingine vimekubaliana hivyo, tofali zifyatuliwe ndani ya lambo likikauka na sio pembeni. Ila uangaliwe mfinyanzi wa chini wasiuchimbe, tutarudi kwa Fundi na kichanga chake.

#49 Kyalo_wa_Makueni
Na bwawa la mchanga hakuna mtu anaweka pampu usiku mkose kumuona. Lazima achimbe kisima kwa mchanga, asubuhi shimo linamsema.

#50 Msukuma_wa_Maswa
Kyalo wewe ungeuza mchanga hata baharini 😂

#51 Nyasi_Kavu
mnamsakama wa vitunguu, huyo ndiye pekee aliyepata faida kwenye hilo lambo kijiji kizima. kama kuna utaratibu wa kulipia kwa lita angelipa. utaratibu haupo, kuna kamati ya maji?

#52 Mwana_wa_Bahi
Kamati ipo. Katibu wake ndiye mwenye kukodisha pampu.

#53 Mpare_Mbishi
Naomba namba ya shauri.

#54 Injinia Mstaafu
Rudia kipimo kwa vijiti viwili, kimoja cha kuonekana na kimoja ukifiche kwenye matete, na safari hii ulale huko huko na mtu mwingine. Usiku ambao hakuna pampu yakishuka, Fundi yuko sahihi. Yasiposhuka tunarudi kwa ng'ombe na jua. Halafu hiyo nusu mita ya tope mnaizoa vyovyote iwavyo, 1,600 mara nusu, hata ukitoa kingo ni mita za ujazo 500 au 600. Ng'ombe wenu wanakunywa zaidi ya mwezi mmoja hapo bila kuchimba lambo jipya.

#55 Fundi Saruji
na mkizoa mniite nione rangi ya udongo wa chini kabla kijiko hakijapita

#56 Dada_wa_Zahanati
Gata za shule msizisahau kwenye mkutano jamani.

#57 MgeniJukwaani
Nimesoma uzi wote. Hao kambale wa Agosti wanagawanywaje, ni wa kijiji au wa aliyewahi?

#58 Mwana_wa_Bahi
Ndugu, hilo liko kwa mtendaji tangu mwaka jana.